Restuta Aliulizwa Mara Tatu

Restuta anauza karanga, choroko na mlenda mkavu pale Majengo, upande wa wauza nafaka. Ukimkuta amekaa kwenye kigoda chake, miwani imemshuka puani, utadhani ni bibi yeyote wa Dodoma. Anapima kwa kopo, anaongeza kiganja kimoja juu, anasema "hiyo ya mtoto" hata kama mnunuzi hana mtoto. Mimi nilikuwa mume wake. Tulikaa siku arobaini na moja, ndoa nzima hiyo, kisha nikamwacha katika nchi ya watu. Wanaoijua habari hiyo wanasema sikumwacha, tulitenganishwa. Wanasema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia.

Mwaka huu nimetimiza sabini na mbili. Magoti yamekwisha, sukari inanisumbua, na kabla sijafukiwa nilitaka kumwambia Restuta jambo moja nililomficha tangu mwaka sabini na nane. Kwa ajili hiyo nilikwenda Majengo mara nne mwaka huu, na mara zote nne nikarudi Chamwino na karanga. Mke wangu Ruthu akaanza kuniuliza kama siku hizi nafuga nyani.

Nilimpata Restuta stesheni ya Kikombo. Nilikuwa fundi wa njia ya reli, kijana wa miaka ishirini na tano mwenye kichwa kikubwa kuliko kofia, na yeye alikuja na wenzake kutoka Mvumi kuuza ubuyu kwa abiria. Akasimama akatutazama tunavyogonga misumari kwenye mataruma. "Nyie watu," akasema, "jana mligonga, leo mnagonga, hiyo reli imewakosea nini?" Wenzangu walicheka mpaka msimamizi akaja. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshapotea. Jumapili tatu mfululizo nilikwenda Kikombo bila kazi yoyote, na Jumapili ya nne nikamwambia baba.

Baba yangu aliitwa Gideoni. Ninalitaja jina lake kwa sababu mimi ni mwanawe, ninaruhusiwa. Mke wa mwana haruhusiwi. Nyumbani kwetu Ugogoni, mwanamke aliyeolewa halitii mdomoni jina la baba mkwe wake, si kwa hasira, si kwa mzaha, si hata akiwa peke yake shambani. Kwetu jambo hilo lilishikwa sana. Wake za kaka zangu, kanisani likisomwa somo la Waamuzi, walimsimulia Gideoni wa kwenye Biblia kwa kusema "yule mwenye mitungi," na padri alikuwa ameshazoea. Restuta alilijua hilo, kwao pia lilikuwapo. Lakini yeye alisoma mpaka darasa la saba, alikuwa na ulimi mwepesi, na alikuwa bado mgeni katika nyumba yetu.

Sasa safari. Mama yangu alikufa nikiwa sijaota meno, nikalelewa na dada yangu Gladness. Alinibeba mgongoni hata kwenye mabwawa ya kunywesha ng'ombe. Baadaye aliolewa na fundi cherehani mmoja Mganda aliyekuwa na kibanda chake hapa Dodoma, akaenda naye Masaka. Nilipooa, mwezi wa nane mwaka sabini na nane, hakuweza kuja. Akaandika barua: "Lameck, nimekulea, halafu nisimwone mkeo? Mlete nimtazame usoni." Ile barua nilitembea nayo mfukoni. Baba akasema nchi ile imechafuka, tungoje. Padri akasema tungoje. Hata mkuu wangu wa kazi alipotia sahihi likizo yangu alisema tungoje. Na mimi nikikatazwa jambo ndipo ninapopata nguvu za kulifanya, huo ndio ugonjwa wangu mpaka leo. Nikachukua hati zetu za kusafiria, tukapanda treni. Cheti cha ndoa kilibaki kwenye sanduku la baba, nani siku zile alitembea na cheti cha ndoa?

Sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi njiani. Kutoka Dodoma mpaka Tabora, na Tabora mpaka Mwanza, Restuta alikaa dirishani akinihesabia madaraja na kuniuliza kila moja kama nililijenga mimi. Nikikataa, ananiambia, "Basi wewe kazi yako ni ipi, mbona madaraja yote ni ya watu?" Mwanza tukapanda meli ya Bukoba. Alipoyaona maji yale hayana mwisho alinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tuondoke, kisha akasema kwa uchungu wa kweli kabisa, "Kumbe yako huku, na sisi tunakwenda kuyachimba mtoni." Nilimpenda. Niseme hivyo wazi, maana yanayofuata yatakufanya usiamini.

Bukoba tulichukua chumba gesti. Nilikuwa nje nashusha mizigo, mwandishi wa gesti akamwuliza Restuta jina la mumewe. Akajibu vizuri, kama alivyofundishwa shuleni kuwajibu wenye madaftari: Lameck Gideoni. Nikaingia mlangoni nikalisikia jina la baba yangu linatoka mdomoni mwake, mbele ya wanaume watatu waliokuwa wanakunywa chai. Nilimkemea palepale. Nilisema maneno mengi, mengine siyarudii. La mwisho nalikumbuka: "Ukilitaja tena, popote, kwa yeyote, nakurudisha kwenu Mvumi, ukaoze huko." Wale wanaume wakainamia vikombe vyao. Restuta akasema, "Nisamehe, mume wangu, sitarudia." Jioni nilimnunulia ndizi za kuchoma, akacheka, nikaona yamekwisha. Mtu mwenye hasira huona mambo yamekwisha kwa sababu yeye ndiye aliyemaliza kusema.

Masaka tulikaa siku nane. Gladness alimpenda hata akanisahau mimi. Wakapika pamoja, wakasukana nywele, wakanisema. Siku ya kuondoka shemeji yangu alituambia tusiende na basi la asubuhi, kwa sababu askari barabarani wamekuwa wakali na kila Mtanzania sasa anaitwa mpelelezi. Aliomba tukae mpaka apate mtu wa kutusindikiza. Nikamwambia likizo yangu inakwisha Ijumaa. Unaona? Likizo.

Tulipopita Kyotera basi likasimamishwa. Tuliteremshwa sisi wawili na mzee mmoja wa Kihaya, tukapelekwa kwenye ghala la kahawa ambalo askari walilifanya ofisi. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri. Ghala lilikuwa limegawanywa kwa mbao ambazo hazikufika chini. Mimi nilihojiwa kwanza. Jina langu, kazi yangu, jina la mke, jina la baba wa mke, kijiji. Nikajibu yote. Kisha nikaambiwa nikae juu ya gunia upande wa pili, nikalindwa na askari mmoja aliyekuwa anatafuna muwa. Restuta akaingizwa upande ule niliotoka mimi.

Nilisikia kila kitu. Hilo ndilo jambo lenyewe. Nyumbani niliwaambia kwamba nilipelekwa jengo jingine, kwamba sikujua ameulizwa nini. Uongo. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake na mbao katikati.

Waliongea naye Kiswahili. Ofisa hakuwa mkali mwanzoni. Akamwuliza, "Yule mwanamume ni nani wako?"

"Ni mume wangu."

"Anaitwa nani?"

"Lameck."

"Lameck nani?"

Kimya.

Nitasema nilichohisi, ndicho nilichokificha. Nilifurahi. Mimi mjinga, nimekaa juu ya gunia la kahawa katika nchi ya watu, kifua kikanipanda. Nikasema moyoni, huyu sasa ni mke, ana adabu, maneno ya Bukoba yamemwingia.

Ofisa akarudia. "Mke gani hajui jina la pili la mumewe? Lameck nani?" Kimya tena. Nikasikia karatasi inapigwapigwa mezani. Furaha ikaanza kupoa. Nikafikiri, atataja tu, hali ikiwa hivi atataja, nami nitajifanya sikusikia.

Mara ya tatu yule ofisa alisema taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto: "Mama, sikia. Yeye amekutaja wewe na baba yako na kijiji chenu. Mimi sina shida na ninyi. Niambie majina yake mawili, mchukuane mwende zenu. Basi liko pale nje linawasubiri."

Alikaa kimya muda mrefu. Mlinzi wangu aliacha kutafuna, naye akawa anasikiliza. Hakuna aliyenifunga mdomo. Ilikuwa niseme neno moja tu, "Taja," au nilitaje mwenyewe, yaishe. Watu wangu, mdomo ulinata. Nimejitafutia sababu kwa miaka arobaini na saba. Nimewahi kujiambia niliogopa watadhani tumepangana majibu. Sababu hiyo niliitunga baadaye, nikiwa nimeshafika Dodoma. Palepale kwenye gunia sikuwa na sababu yoyote, nilikuwa nangoja tu mwanamke aamue, ili kama kuna kosa liwe lake.

Nikasikia kiti kinasogezwa, Restuta anatolewa, na gari linawashwa nje. Hapo ndipo nilipopata sauti. Nilikimbilia upande wa pili, mlinzi akanishika shati. Nikamweleza ofisa mila yetu kwa kupiga kelele, baba mkwe, mwiko, Waamuzi, mitungi, vyote. Akanitazama akacheka. "Nani anakwenda kufungwa kwa ajili ya jina la mkwe?" akasema. "Karatasi zako ziko sawa. Huyo mwanamke si mkeo, ametumwa kubeba habari. Nenda kwenu." Alasiri ile nilitupwa mpakani Mutukula, nikavuka na mkoba wake mkononi.

Nilikaa Bukoba wiki tatu, nikizunguka ofisi za serikali. Waliniandikia, wakanisikitikia, wakanipa chai. Kisha mwezi wa kumi ukafika na vita ikaja, na nani tena angeuliza habari za mwanamke mmoja wa Mvumi. Nikarudi Dodoma. Baba aliniuliza mara moja tu: "Alikosa nini?" Nikajibu, "Sijui, baba, nilikuwa jengo jingine." Alikufa mwaka themanini na tatu akiamini hivyo, na hakujua kwamba jina lililomfunga mkwewe ni lake.

Mwezi wa pili mwaka sabini na tisa wakaja watu kutoka mstari wa mbele wakasema wafungwa wa kule hakuna aliyebaki. Wazee wakakaa. Tukaweka matanga bila maiti, mama yake Restuta akinyolewa nywele uani kwetu, nami nikashika kichwa nikalia kama wengine. Mwezi wa nne nikamwoa Ruthu. Watu walisema kijana asikae peke yake, atarukwa na akili. Nilikubali upesi. Nilitaka mtu ndani ya nyumba asiyejua lolote.

Restuta alirudi mwezi wa sita. Alifunguliwa Kampala vita ilipokwisha, akafika Masaka akakaa kwa Gladness mpaka miguu ilipopona, kisha akaja na treni ileile tuliyokwenda nayo. Nilikuwa kazini. Ruthu alikuwa anapepeta uwele uani, akaona mwanamke mwembamba amesimama. "Mbukwenyi," Restuta akasalimia, kama tunavyosalimiana. Ruthu akamkaribisha, akampa maji, akampa kigoda, akamwuliza anamtafuta nani. Restuta akamwuliza yeye ni nani wa nyumba hii. Ruthu akasema, "Mimi ni mke wa Lameck." Ruthu ananiambia mpaka leo kwamba yule mgeni alimaliza maji yote kikombeni kabla ya kujibu, kisha akasema, "Hongera, mdogo wangu," akasogeza kigoda, akaanza kumsaidia kupepeta.

Niliporudi niliwakuta hivyo. Kidole cha kati na cha pete cha mkono wake wa kulia vilikuwa vimekakamaa, havikunjiki, na alikuwa anashika ungo kwa mkono wa kushoto. Nilianguka magotini pale mavumbini. Alinisalimia vizuri kabisa. Nikaanza kusema kwamba nilipelekwa jengo jingine, kwamba sikusikia, na nilikuwa nayasema mbele ya baba na kaka zangu waliokwisha kukusanyika. Restuta akanikata kauli. Akawageukia wao, akasema, "Ni kweli. Lameck hakusikia. Angesikia, angeniambia nitaje." Akaomba ruhusa ya kwenda kwao, akaenda kwa miguu na mdogo wake aliyekuja kumchukua.

Baada ya hapo alipata maisha yake, namshukuru Mungu. Alikaa kwao miaka mitano hakutaka kusikia habari ya mwanamume. Halafu akaolewa na Bartolomayo, mwashi, mtu mpole aliyejenga nusu ya nyumba za Msalato na mwisho akajenga yake. Walipata Thomas na dada yake. Bartolomayo alikufa mwaka wa korona. Thomas anamwambia mama yake akae nyumbani, amtunze, lakini yeye anasema nyumbani sasa ndege zinapita juu ya bati, afadhali kelele za Majengo ambazo zina faida. Kila alfajiri anaamka, anachukua bodaboda, anabishana nauli mpaka mwenye pikipiki anacheka. Katika miaka yote hiyo sijasikia mtu akisema kwamba Restuta amenisema vibaya. Wakiuliza, jibu lake ni lilelile: Lameck hakusikia.

Jibu hilo limenila. Ningekuwa nimetukanwa ningepona zamani.

Mwezi uliopita tulimwoza mjukuu wetu, binti wa mwanetu Abeli, na Ruthu mwenyewe akamwalika Restuta aje kumfunda bibi harusi pamoja na wanawake wengine. Nilikuwa nyuma ya dirisha natafuta dawa zangu. Nikamsikia akimwambia yule mtoto, "Mheshimu baba mkwe wako. Lakini ukikwama, mtaje, Mungu hana hasira hizo." Binti akamwuliza mbona yeye hakutaja. Restuta akasema, "Mume wangu alikuwa mbali." Nikaona sasa basi. Siwezi kwenda kaburini nikiwa nimebebwa na yule mwanamke.

Kesho yake nikaenda Majengo, mara ya tano. Nilijikaza kisabuni. Nilimkuta anachambua mawe kwenye choroko. Akanipa kigoda cha jirani yake.

"Baba Abeli, karanga hazijaisha tu?"

"Leo sikuja na karanga, Mama Thomas. Nimekuja na neno."

"Haya, sema."

Nikasema. Nilisema vibaya, nikirukaruka, lakini nilisema yote: kwamba nilikuwa nyuma ya mbao, kwamba nilisikia mara zote tatu, kwamba mara ya kwanza nilifurahi. Nilipofika kwenye kufurahi nikalia pale sokoni, mzee mzima. Mwuza dagaa wa mbele akageuza uso. Restuta alikuwa ameacha kuchambua.

"Najua," akasema.

Sikumwelewa.

"Viatu vyako vya reli vilionekana chini ya zile mbao. Nilikuwa navitazama wakati wote."

"Ukajua niko pale? Na bado ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Wewe ndiye uliyenikataza, nikasema wewe ndiye utakayenifungulia. Nikajiambia, mume wangu yupo, anasikia, mambo yakiwa mabaya atasema. Basi nikatulia."

Nikamwuliza kwa nini basi amewaambia watu vile miaka yote hii. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kitenge. "Ningesema nini, Lameck? Kwamba ulikuwepo? Nani angekusalimia tena? Na mimi ningeonekanaje, niliyekufa kwa ajili ya mtu kama huyo?" Aliniita Lameck, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu siku zile. "Nilisema vile kwanza kwa ajili yako. Baadaye nikawa nasema kwa ajili yangu."

Nikamwomba radhi. Akasema alishasamehe, tena alisamehe zamani sana, nisijitese. Nilitaka kuondoka hapo, ningekuwa na akili ningeondoka. Lakini nikamwuliza alikaa akiningoja mpaka lini.

"Kule ndani?"

"Ndiyo. Ulikata tamaa lini?"

Restuta alirudisha miwani usoni, akauvuta ungo wa choroko, akaanza tena kuchambua kwa mkono wa kushoto.

"Sikukata tamaa kule," akasema. "Nilikungoja mpaka siku ile Ruthu aliponipa maji."